Daftari la sababu: namna ya kuandika siku yako ya biashara

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo kila mwenye duka anaijua, na wengi huielewa kuwa ni ya hesabu tu: andika kilichoingia, andika kilichotoka, toa, ujue faida. Sawa. Lakini kuna kitu kingine kinachopotea bila habari, nacho hakionekani kwenye taarifa ya M-Pesa wala kwenye kitabu cha madeni. Ni sababu. Kwa nini uliagiza magunia matatu badala ya mawili. Kwa nini ulimkopesha yule ukamnyima huyu. Kwa nini ulishusha bei Ijumaa ile. Miezi sita ikipita matokeo unayaona, sababu umeisahau, au umebaki na sababu ya kubuni ukidhani ndiyo ile ile.

Hilo la kubuni limepimwa. Kabla ya Rais Nixon wa Marekani kuzuru China na Umoja wa Kisovieti mwaka 1972, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwataka watu wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa kutokea katika ziara zile. Baadaye wakawarudia na kuwaomba wakumbuke makadirio yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975: watu walielekea kukumbuka kwamba waliyapa uwezekano mkubwa yale mambo waliyoamini yametokea, mkubwa kuliko walivyokuwa wameandika wenyewe. Kwa Kiswahili cha barazani hii inaitwa "si nilisema?" Mwenye duka anayeishi kwa "si nilisema" hajifunzi, kwa kuwa kila likitokea jambo huona alikwisha kulijua.

Daftari tunalolizungumzia hapa halichukui nafasi ya kitabu cha hesabu. Rekodi za mauzo, risiti na taarifa za M-Pesa ziwekwe mahali pake. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015 inataka zihifadhiwe kwa miaka 5, na afisa wa kodi hana haja ya kujua ulivyojisikia Jumanne. Kutenganisha vitabu namna hii ni jambo la kale. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia, alipochapisha kitabu chake cha hesabu mjini Venice mwaka 1494, alimtaka mfanyabiashara awe na vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kuandikia kila jambo pale pale linapotokea, kwa maneno ya kawaida, kabla halijapangwa kwa utaratibu katika vile viwili vingine. Siku hizi simu na mashine za hesabu zimevibeba viwili vya mwisho. Cha kwanza kimebaki yatima.

Vifaa, na unyevu wa Mombasa

Nunua kaunta buku ya kwaya 2, ile yenye jalada gumu. Ina kurasa 192. Kurasa 40 za mwisho zitenge mapema: 24 za maamuzi makubwa, 12 za "Hakuna" (tutazifikia), na 4 za faharasa. Zinabaki 152. Ukifungua siku 26 kwa mwezi na kutumia ukurasa mmoja kila siku, daftari litakuchukua karibu miezi sita. Kwa hiyo ni mawili kwa mwaka. Andika namba za kurasa zote siku ya kwanza, hata kama inachosha, maana bila namba hakuna faharasa.

Tumia biro ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, na tone la maji au jasho la kiganja haliufuti. Kalamu nyingi za jeli hutumia wino wa maji. Zinateleza vizuri na maandishi yanapendeza, mpaka Aprili masika yanapoanza na ukurasa mzima kugeuka wingu la buluu. Daftari lisilale juu ya friza ya soda, kwa sababu kifuniko hutoa jasho, wala karibu na karai. Kopo la biskuti lenye kifuniko linatosha.

Ukibandika risiti ndani, nakili kiasi na tarehe kwa biro pembeni yake. Risiti nyingi za mashine hazina wino: karatasi yake hubadilika rangi kwa joto. Kwa hiyo joto na mwanga vitaififisha au kuifanya nyeusi, na baada ya miezi michache utakuwa umehifadhi kipande cha karatasi tupu kwa uangalifu mkubwa.

Je, simu haifai? Inafaa kwa kunasa. Ukiwa kwenye feri ya Likoni, mkono mmoja umeshika mzigo na mwingine mtoto, jirekodi sauti ya nusu dakika, kisha jioni uihamishe daftarini. Kuandika chote kwenye simu kuna hasara moja kubwa: simu hiyo hiyo ndiyo wateja wanayokupigia na kukutumia ujumbe. Unaifungua ili uandike mistari minne, unakuta mtu anauliza bei, na dakika saba zimekuwa arubaini bila neno hata moja kuandikwa.

Ukurasa wa siku

Andika baada ya kuhesabu pesa na kabla ya kufunga mlango. Usingoje ufike nyumbani. Nyumbani kuna watoto, kuna chakula, kuna mgeni, na daftari litalala mkobani mpaka kesho. Muuza staftahi anayemaliza saa nne asubuhi aandike saa nne hiyo hiyo, masufuria bado yana moto. Jipe dakika saba. Zikizidi kumi kila siku, unaandika mno na utaacha kabla ya mwezi kwisha.

Juu kabisa weka siku, tarehe, mwezi wa Kiislamu, hali ya hewa, na jambo moja la mtaani kama lipo: umeme umekatika, maji hayakutoka, barabara imefungwa, shule zimefunguliwa. Mwezi wa Kiislamu uandike hata kama wewe si Mwislamu. Soko la Mombasa linakwenda kwa kalenda mbili, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka ukiihesabu kwa kalenda ya kawaida. Mtu anayelinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana anaweza kuwa analinganisha mfungo na siku za kula mchana, kisha akaenda kumlaumu mpishi. Wauza samaki waongeze upepo, kusi au kaskazi. Kusi likichafua bahari, mitumbwi midogo haitoki na bei hupanda, na hilo halina uhusiano na ubora wa huduma yako.

Chini yake ni mistari minne tu. Wa kwanza ni hesabu moja au mbili zenye maana kwa kazi yako, si mauzo yote. Wa pili ni kilichokushangaza. Wa tatu ni ulichoamua na kwa nini. Wa nne ni jambo la kwanza la kesho.

Huu hapa ukurasa wa mfano, wa muuza mahamri na mbaazi pale Majengo:

*Jumanne, Mei 14, Mfungo Pili. Mvua tangu saa kumi na moja alfajiri. Umeme ulikuwepo.*
*Nimekaanga 140, yamebaki 38. Mbaazi zimeisha saa mbili na robo.*
*Nimeshangaa: mbaazi kwisha kabla ya mahamri. Vijana wa boda hawakuja. Ofisi ya juu imetuma mtu mmoja achukue ya watu sita, mbaazi nyingi, mahamri mawili mawili.*
*Nimeamua: kesho ikinyesha nikande kilo 3 badala ya 4, mbaazi zibaki zile zile. Sababu: wa boda ndio wanaokula mahamri matupu kwa chai. Wakikosekana, mahamri hubaki, mbaazi hazibaki.*
*Kesho kwanza: vikopo 20 vyenye vifuniko vya kubebea mbaazi.*

Tazama kisichokuwemo. Hakuna "biashara mbaya leo". Hakuna "wateja wachache". Maneno hayo yanajisikia kuwa ni habari, lakini ukiyasoma baada ya mwezi hayakuambii kitu, kwa sababu hukumbuki uchache wa siku ile ulikuwa wangapi. Kilichomo ni hesabu mbili na sababu iliyofungwa kwenye sharti, *ikinyesha*. Mvua ijayo itakuwa mtihani: akikanda kilo 3 na mahamri yakabaki tena, basi tatizo si watu wa boda, na inabidi atafute kwingine. Uamuzi bila sharti, kama "nipunguze unga", ungemfanya apunguze hata siku za jua na kupoteza mauzo kimya kimya.

Mstari wa pili ndio unaowashinda wengi mwanzoni. Wanaandika "hakuna". Siku isiyo na la kushangaza hata kidogo ni nadra. Kwa kawaida hukuangalia. Jiulize maswali madogo: nani amekuja ambaye haji siku hii? Nani hakuja? Nini kimeisha mapema? Mteja amesema neno gani alipoondoka?

Kurasa za "Hakuna"

Hapa ndipo daftari linapoanza kulipa, na cha ajabu wengi hulipuuza. Mauzo uliyokosa hayaachi risiti. Mteja ameuliza, umesema hakuna, ameondoka, na kumbukumbu ya duka inasema hakuna kilichotokea.

Kila mtu akiulizia kitu usichokuwa nacho, andika jina la kitu na uweke kijiti. Vijiti vinne vya kusimama, cha tano hukatiza, ili kuhesabu kuwe rahisi. Kando ya kijiti weka herufi moja ya kumtambulisha aliyeuliza. Herufi hiyo isikukwepe. Tuseme duka la Kisauni limekusanya vijiti kwa wiki tatu: betri ndogo za rimoti 11, unga wa muhogo 9. Kwa vijiti peke yake vitu hivi viko karibu sawa. Kwa herufi, betri zimeulizwa na watu tisa tofauti, unga wa muhogo umeulizwa na bibi mmoja anayepita kila alfajiri na binti yake. Betri ni soko. Unga wa muhogo ni bibi, na dawa yake ni kumletea kilo mbili kwa oda, si kununua gunia.

Ukishaamua kuleta, chukua kiasi kidogo kabisa kinachouzwa kwa bei ya jumla, andika tarehe kilipofika, na ujipe wiki mbili. Watu huulizia vitu wasivyovinunua. Wengine wanauliza bei tu, kulinganisha na ya jirani.

Mambo mawili huvuruga kurasa hizi. La kwanza ni msaidizi. Kama wewe unaandika na kijana wako haandiki, daftari linapima saa ulizokuwepo dukani na si mahitaji ya mtaa. Mtundikie kipande cha boksi na biro yenye kamba karibu na droo ya pesa. Jioni uhamishe vijiti vyake. Akiogopa kwamba ukiona "hakuna" nyingi utamgombeza, hataandika, kwa hiyo mweleze mapema kwamba vijiti vingi ni kazi nzuri. La pili ni msimu. Kumi la mwisho la Ramadhani kila kitu kinaulizwa, na orodha ya siku hizo isitumike kuagizia mzigo wa mwezi unaofuata. Ichore kisanduku, iandike "Idi", na uifungue tena mwaka ujao wiki sita kabla.

Ukurasa wa uamuzi

Jambo lolote linalogharimu zaidi ya faida yako ya wiki moja, au linalokufunga kwa zaidi ya mwezi, lipewe ukurasa wake huko nyuma ya daftari, *kabla* pesa hazijatoka. Gudwili ya chumba, mkopo, kuajiri, friza ya pili, mzigo wa Idi. Kurasa 24 kwa miezi sita ni karibu uamuzi mmoja kwa wiki. Ukizimaliza katika miezi miwili, kiwango chako kiko chini mno, au una haraka mno.

Andika haya: jambo lenyewe kwa sentensi moja, njia nyingine mbili ulizozikataa, sababu zako, zisizidi tatu, unachotegemea, kwa namba na tarehe, uhakika wako, ngapi kati ya 10, dalili ya mapema itakayokuonyesha umekosea, na hali yako wakati wa kuamua. Hiyo ya mwisho watu huiona ni ya kitoto. Iandike. Umelala saa ngapi, umekula, una hasira na nani, na nani alikuwa anakuharakisha.

Mfano, muuza leso:

*Nanunua doti 100 kwa shilingi 420, jumla 42,000. Nimekataa: kununua 50 tu, kununua madera badala yake. Sababu: mwaka jana 60 ziliisha siku nne kabla ya Idi; bei ya jumla hupanda kumi la pili. Nategemea kuuza 80 kwa 550 kabla ya sikukuu, yaani 44,000. Mtaji urudi, 20 zibaki faida. Uhakika 7. Dalili: kufikia Ramadhani 20 nikiwa sijauza 35, nimekosea. Hali: nimefunga, saa kumi jioni, muuzaji anasema rangi hii inaisha leo.*

Sikukuu ikapita, zimeuzwa 61. Bila ukurasa huu, angesema leso haziuziki mwaka huu. Akiusoma ataona maswali ya maana zaidi. Zile 60 za mwaka jana, ziliisha kwa bei gani? Majina ya leso yalikuwa ya namna gani? Rangi inaweza kuwa nzuri na jina likawa la kumpiga kijembe wifi, na leso ya kijembe hainunuliwi kwa zawadi ya Idi. Muuzaji alimharakisha saa kumi jioni akiwa na njaa, na majina hakuyasoma yote. Kosa limepatikana, ni dogo, na linarekebishika.

Ukija kuhukumu uamuzi, tenganisha uamuzi na matokeo. Kuna uamuzi uliofikiriwa vizuri ukaharibiwa na jambo lililo nje yako, na kuna uamuzi wa kubahatisha uliookolewa na bahati. Wa pili ndio hatari zaidi kwa kuwa unakufundisha kurudia. Kontena ikichelewa bandarini siku kumi, usijilaumu kwa kuchelewa kwake, lakini jiulize kama uliandika popote kwamba inaweza kuchelewa.

Zikifika kurasa 20, fanya hesabu moja. Chukua maamuzi yote uliyoyapa uhakika wa 7 na 8 na uhesabu mangapi yamekwenda ulivyotegemea. Kama ni manane na yamefaulu manne, uhakika wako una chumvi. Dawa ni kuendelea kuamua lakini kwa kupunguza kiasi: palipokuwa na doti 100, anza na 60 na uache nafasi ya kuongeza.

Usiku ambao usingizi hauji

Biashara ina usiku wake. Kodi ya chumba, deni la Fuliza la M-Pesa, mshahara wa kijana, hundi ya hoteli ambayo haijaiva. Kuna mambo mawili ya kuandika usiku, na hayafanyi kazi moja.

Kwa akili inayozunguka orodha ya kesho, andika orodha yenyewe kwa dakika tano. Utafiti wa Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor uliochapishwa mwaka 2018 uliwalaza watu 57 maabara. Walioandika mambo waliyotakiwa kufanya siku zijazo walipata usingizi mapema, kwa dakika 9 hivi, kuliko walioandika yale waliyokwisha kuyamaliza. Na orodha ilipokuwa bayana zaidi, usingizi ulikuja upesi zaidi. Kwa hiyo si "mambo ya hoteli", ni "saa tatu nimpigie mhasibu wa hoteli kuhusu ankara ya Aprili, halafu nipite benki".

Kwa jambo zito, la kutapeliwa na mshirika au duka kuungua, orodha haisaidii. James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986 waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza, pamoja na walivyolihisi, walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Zingatia hilo la kujisikia vibaya kwanza: usifanye zoezi hili usiku wa kuamkia kikao cha bei au siku ya kulipa mishahara. Liandike kwenye karatasi za kando, si kwenye daftari la biashara, na ukitaka uzichane baadaye. Na kama uzito haupungui wiki hadi wiki, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, hiyo si kazi ya kalamu. Nenda hospitali, mwambie na mtu wa karibu.

Kulisoma

Daftari lisilosomwa ni karatasi ya kufungia bajia. Chagua muda mmoja wa wiki, dakika 20, na usiuhamishe. Kwa wengi wa Mombasa ni Ijumaa baada ya sala au Jumapili jioni. Chukua biro nyekundu na usome kurasa za wiki kwa mpigo mmoja bila kuandika kitu. Kisha rudi, na kando ya kila mstari unaojirudia weka herufi: P kwa pesa, W kwa wateja, K kwa wafanyakazi, N kwa nafsi yako. Mwisho wa mwezi zihamishie faharasa: neno, halafu namba za kurasa. "Mbaazi kwisha mapema: 12, 15, 23, 24."

Utakachokiona kwanza huenda kisikufurahishe. Chukua deni. Kitabu cha madeni kinakuambia nani anadaiwa ngapi. Daftari la siku, kama umeandika sababu kila ulipokopesha, litakuambia kitu kingine kabisa: kwamba mikopo isiyolipwa karibu yote umeitoa jioni, umechoka, unataka kufunga. Hapo hakuna haja ya kibao kipya cha "leo pesa kesho mkopo". Kunahitajika kanuni moja tu, kwamba baada ya magharibi hakuna mkopo mpya, na kijana wa dukani aijue.

Yanayoliharibu

Kubwa ni kujaza siku zilizopita. Umeruka siku nne, Jumamosi unakaa na kuziandika zote. Unachoandika si kumbukumbu, ni hadithi, na inaingia kwenye faharasa kama ukweli. Siku iliyopita imepita. Piga mstari, andika "sikuandika", endelea na leo.

Wengine huandika siku mbaya tu. Daftari lao linakuwa kitabu cha malalamiko, na mwisho wa mwezi wanaamini biashara inazama kumbe imekwenda vizuri isipokuwa zile wiki mbili za mvua. Wengine ni kinyume, wanaandika ili siku moja mwenza au mshirika asome na aone wana akili. Dawa ya wote wawili ni ile mistari minne, kila siku, hata siku imekuwa ya kawaida kabisa, na kopo la biskuti liwe na kufuli.

Majina ya wadeni na siri zao yafupishwe kwa herufi. Namba za siri za M-Pesa na benki zisiingie humo kabisa, hata kwa mafumbo. Mafumbo unayoweza kuyafumbua wewe, mpwa wako naye atayafumbua.

Na matumizi ya nyumbani yasichanganywe. Ukichukua shilingi 500 za mboga kwenye droo, mahali pake ni kitabu cha hesabu. Hapa andika tu kama kuchukua huko kumebadilisha uamuzi: "sikununua nazi za kesho kwa sababu droo ilikuwa tupu."

Likijaa

Kabla hujaanza jipya, soma faharasa yote na ujaze ukurasa mmoja wa kuhamishia, mistari kumi, isizidi: vitu vitatu vya "Hakuna" ambavyo bado vinaulizwa, maamuzi ambayo tarehe yake haijafika, kanuni ulizojiwekea na zimefanya kazi, na za Idi, Krismasi na ufunguzi wa shule zenye tarehe ya kukumbushwa. Ukurasa huo uuandike mara mbili, mmoja ubaki kwenye la zamani, mwingine uwe wa kwanza wa jipya. Mgongoni mwa daftari bandika karatasi yenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, uifunike kwa selotepu pande zote ili unyevu usiinyanyue, na uliweke lisimame, si kulala, maana yakilazwa matano pamoja la chini hushika ukungu kwanza.